Rangi Zilivyopewa Nambari

Sisi tusemao Kiswahili tumezoea kuziita rangi kwa vitu vyenyewe. Zambarau ni tunda, kijivu kimetoka katika jivu, kahawia katika kahawa, na manjano ni kiungo cha mchuzi. Majina haya ni mazuri, ila yana kasoro yake. Mwambie mwenzako wa darasani akuonyeshe kitu cha zambarau, nawe umwonyeshe chako, kisha uone kama mtapatana. Kompyuta haiwezi kuamua ubishi huo, yahitaji nambari.

Aliyesaidia sana kuifungua njia hiyo ni Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell. Tarehe 17 Mei 1861, mbele ya wasikilizaji wa Royal Institution mjini London, alionyesha picha tatu za utepe mmoja, zilizopigwa na Thomas Sutton: moja kwa nuru nyekundu, moja kwa kijani, moja kwa buluu. Kila picha ilirushwa kwa taa yenye rangi yake, na zilipolaliana, utepe ukaonekana na rangi zake. Ajabu ni kwamba dawa ya picha ya siku zile ilikuwa karibu kipofu kwa wekundu. Ilipata kufahamika karne moja baadaye kwamba jaribio lile liliokolewa na mionzi isiyoonekana kwa macho!

Kurasa za intaneti zafuata desturi hiyo ya nuru tatu. Kila nuru hupewa kipimo tangu 0 hata 255, hivyo rangi ziwezazo kuandikwa ni 16,777,216. Waandishi wa programu hupenda kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Jaribu mwenyewe. Chukua 663399, uigawe iwe 66, 33 na 99. Katika 66, tarakimu ya kwanza ni kumi na sita mara sita, yaani 96. Ongeza 6 ya pili, upate 102. Vivyo hivyo 33 huwa 51, na 99 huwa 153. Nyekundu kiasi, kijani kidogo, buluu nyingi: ndiyo zambarau.

Sikuichagua nambari hiyo bure. Eric Meyer, Mmarekani aliyeandika vitabu juu ya CSS, lugha ya kuzipamba kurasa hizo, alikuwa na binti aliyependa zambarau. Mtoto huyo alifariki kwa saratani ya ubongo tarehe 7 Juni 2014, siku aliyotimiza miaka 6. Wenzake baba wakataka kuiita rangi hiyo kwa jina lake la utotoni, Becca. Baba alikubali, lakini akaomba jina kamili. Kwani binti alikuwa amesema kwamba akifika miaka sita atakuwa mkubwa, nao wamwite Rebecca. Umri huo aliupata kwa muda wa saa kumi na mbili hivi.

Mwezi ule ule rangi ikaingizwa katika lugha hiyo kwa jina la rebeccapurple. Andika jina hilo, au andika #663399, na kompyuta itakutolea zambarau ile ile.