Mafuta, Oili na Risasi: Istilahi za Injini ya Mipigo Miwili

Katika istilahi za ufundi, neno "mafuta" ni miongoni mwa yale yanayotutatiza sana. Mpishi analo, mwenye taa analo, na dereva husema amekwenda "kutia mafuta" hali ametia petroli. Kwa gari la kawaida utata huo hauleti hasara. Kwa skuta ya zamani waweza kuiharibu injini.

Sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1891 Mwingereza Joseph Day alibuni injini ya mipigo miwili ambamo hewa na petroli hupitia kwanza katika kasha la krenki, chini ya pistoni. Injini za skuta zilifuata njia hiyo. Kasha likiwa ni njia ya petroli, haliwezi kuwekewa akiba ya mafuta ya kulainisha kama katika injini ya mipigo minne; hivyo mafuta hayo yalichanganywa na petroli yenyewe. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilipotoa Vespa mwaka 1946, kazi ya mhandisi Corradino D'Ascanio, kipimo kilikuwa asilimia 5, yaani robo lita kwa lita 5 za petroli. Katika miaka ya 1960 zikaja injini za asilimia 2, nacho kikashuka hadi mililita 100. Anayezidisha hupata moshi na plagi chafu; anayepunguza hukwamisha pistoni.

Basi kitabu kisemacho "tia mafuta lita 5" kimemwambia nini fundi? Wapo kati yetu waliolidharau neno "oili" kuwa ni la gereji. Twaona gereji ndiyo iliyosema sawa: petroli ni petroli, oili ni oili, na vyote viwili pamoja ni "mchanganyiko". Hata hivyo "oili ya injini" peke yake haitoshi. Oili ya mipigo minne hutiwa viongezi vya kusafisha vyenye madini, ambavyo vikiungua huacha majivu. Oili ya mipigo miwili huungua pamoja na petroli, kwa hiyo hutakiwa iache majivu kidogo.

Kiongezi kilichovuma kuliko vyote ni risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors, Marekani, aligundua kuwa mchanganyiko wenye madini hayo huzuia injini isigonge. Ulipouzwa kuanzia 1923 uliitwa "Ethyl", jina lisilotaja risasi hata kidogo. Na mwaka 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu yake. Kiswahili hakikuficha. "Petroli isiyo na risasi" yaweza kumchekesha anayefikiria bunduki, lakini hutaja sumu kwa jina lake, nasi hatuoni haja ya kubadili cho chote. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Baadaye zikauzwa chupa za "kibadala cha risasi". Istilahi ni sahihi, ila maelezo yake yakamilishwe: kibadala hicho hulinda vikalio vya valvu za kutolea moshi, na injini ya skuta ya mipigo miwili haina valvu hizo.