Kariakor si jina la soko tu

Wasee, miaka yote nimepita Kariakor na matatu nikidhani ni jina tu la soko. Kumbe ni "Carrier Corps" kwa ulimi wa mababu zetu!

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, Waingereza walitaka watu wa kubebea jeshi lao chakula na risasi wakipigana na Wajerumani huko Tanganyika. Mbung'o walikuwa wanamaliza ng'ombe na punda, basi mzigo ukawekwa kichwani mwa binadamu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Kuhara na njaa viliwaua kuliko risasi, na maelfu wakazikwa bila hata jina.

Msamaha? Ulikuja 2021.

Manze, bunduki haijibebi. Ukishuka hapo leo, wakumbuke.