Kipushi: Jinsi Zinki Ilivyoingia Katika Jiwe la Chokaa



Kilomita 30 hivi toka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia, uko mji wa Kipushi. Wazee wetu walichimba shaba pale, juu juu, kabla Wazungu hawajafika. Mwaka 1924 Union Minière ikaanza kuchimba huko. Lakini mali ile ilifikaje chini ya ardhi? Wengine husema madini huota kama mihogo. Sivyo. Tusimulie habari yake toka mwanzo.

Hapo kale sana, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, sehemu hizi za Katanga zilikuwa bahari. Chokaa ikatuama chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, ikawa jiwe. Baadaye nguvu za ardhi zikayasukuma matabaka yale, yakajikunja kama mkeka, tena yakapasuka. Ufa mmoja mkubwa ulipita pale Kipushi.

Basi, chini kabisa yalitembea maji ya moto yenye chumvi nyingi. Maji matupu hayawezi kubeba madini mengi. Maji ya chumvi na moto huweza. Yakapita katika mawe mengi, na kila mahali yakaokota kidogo: zinki kidogo, risasi kidogo, shaba kidogo. Ndivyo mtu aokotavyo masazo shambani mpaka kikapu kijae.

Maji hayo yalipopanda katika ufa yakakuta kiberiti. Hapo madini yakashikana na kiberiti, yakawa mawe mazito. Kumbe, kushikana huko huyaachia maji ukali kama wa ndimu. Nasi twajua: ukidondosha ndimu juu ya chokaa, itailainisha na kuila. Vivyo hivyo maji yale yaliila chokaa, na palipoliwa madini yakaingia. Chokaa iliondoka, zinki ikakaa mahali pake. Wenye elimu wamepima umri wa madini ya Kipushi: miaka milioni 450 hivi.

Sasa tutazame kazi ya watu. Toka 1924 hata 1993 yalitolewa mawe tani milioni 60 hivi. Katika kila kilo 100 za mawe hayo mlikuwa na zinki kilo 11, na shaba karibu kilo 7. Miaka 69 tu! Mwaka 1993 mgodi ukasimama, na nyumba zilizoutegemea zikakosa mshahara. Uchimbaji ulirudi mwaka 2024, kwa ajili ya zinki iliyobaki chini zaidi.

Ng'ambo ya mpaka, Kabwe nako walichimba risasi na zinki katika mawe ya namna hiyo hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 1994. Mali ilikwenda, lakini vumbi la risasi lilibaki katika udongo, na kutoka udongo likaingia katika damu ya watoto.

Shamba likivunwa, twapanda tena. Mgodi haupandwi. Maji yale hayatarudi kwa ajili yetu, wala kwa wajukuu wetu. Kwa hiyo, ndugu, wakati mawe yanapotoka, tuulize mapema: shule gani, maji gani safi, kazi gani vitabaki siku shimo litakapokuwa tupu? Anayeuliza baada ya mavuno amechelewa.