Kodi ya makadirio

Kodi ya makadirio ni utaratibu wa kodi ya mapato nchini Tanzania kwa mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi na mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004.

Katika kata ya Mtinko, mkoani Singida, utaratibu huu unamhusu mwenye duka la rejareja au mchuuzi wa mafuta ya alizeti. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ni jambo jingine kabisa, na risiti yake haifuti deni la TRA.

Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Juu ya hapo, kwa ngazi za chini za mauzo, daftari ndilo linaloamua. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mwenye mauzo ya milioni 6 anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani shilingi 60,000. Asiyetunza hulipa 100,000. Kwa milioni 9 ni 150,000 dhidi ya 250,000. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa duka la kijijini kuipoteza kwa kukosa kuandika.

Kasoro nzito ya kodi hii ni kwamba hutazama mauzo, si faida: aliyepata hasara bado anadaiwa. Malipo hufanywa kwa awamu nne kwa mwaka.