Asilimia 25 ya nini? Bei ya pojo za Kitui na maembe ya Makueni

Pojo tunazopika kwa nazi hapa Pwani hutoka pia Kitui, ambako wenyewe huziita ndengu. Maembe ya Makueni nayo hushuka Kongowea msimu ukifika, Desemba hadi Machi. Ukimuuliza mchuuzi anavyopanga bei, atakwambia, "Naweka asilimia 25." Mimi huuliza: 25 ya nini?

Kuna nyongeza, inayopimwa kwa gharama, na kuna sehemu ya faida, inayopimwa kwa bei ya kuuzia. Tuseme kilo ya pojo umeinunua Kitui shilingi 100, na gari, gunia, ushuru wa kaunti na wapagazi vimekula 20. Gharama ni 120, si 100. Ongeza asilimia 25, utauza 150. Faida ni 30, yaani asilimia 20 ya mauzo. Mteja akitaka umpunguzie asilimia 25, nawe ukakubali ukidhani unaachilia faida tu, umeuza 112.50. Hapo umemtilia 7.50 kutoka mfukoni mwako. Anayetaka robo ya mauzo yake iwe faida agawe gharama kwa 0.75. Bei inakuwa 160.

Maembe ndiyo yanayowaumiza watu. Pojo zitakungoja, mradi wadudu wasiingie guniani; ngowe likishaiva halimngoji mtu. Chukua maembe 100, shilingi 10 kila moja shambani, na 500 za safari. Jumla 1,500, au 15 kwa embe. Ukiweka asilimia 25 utauza manne kwa 75. Yakioza 20, yale 80 yanakuletea 1,500 kamili. Mtaji umerudi, faida hakuna, na kutwa umeshinda juani.

Kwa hiyo gawa gharama kwa maembe yatakayouzika, si uliyonunua: 1,500 kwa 80 ni 18.75. Hapo ndipo uongeze 25 yako, na bei ifike karibu 23.50.

Soko likiikataa, usitumaini sana kumbana mkulima. Makueni kuna kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe, kiko Kalamba, kwa hiyo si lazima akuuzie wewe. Naona afadhali kuangalia upakiaji, maana kwenye kreti embe hupondeka kidogo kuliko guniani. Na yaliyolainika yapeleke kwa wauza juisi asubuhi na mapema. Hata kwa shilingi 5, hayo 20 ni 100.