Petroli ya Nani? Historia Fupi ya Istilahi za Mafuta na Gesi, kutoka Songo Songo hadi Dzaleka

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, jirani na Lumbadzi, kaskazini mwa Lilongwe, neno petroli halina maana moja. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa. Wakazi wake wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengine Burundi na Rwanda. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Kwa aliyelelewa Bukavu au Uvira, petroli ni mafuta ya taa, ilhali ya gari huitwa esansi na dizeli huitwa mazutu. Kwa aliyelelewa Kigoma, petroli ndiyo inayotiwa kwenye pikipiki. Anayekosea kati ya maana hizo mbili anaweza kuunguza nyumba. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo, ambayo ni zao la historia, sasa imekuwa suala la sera.

Chanzo chake ni ukoloni. Kifaransa cha utawala wa Wabelgiji kililipa neno hilo maana ya mafuta ya taa. Kiingereza kilichotawala Tanganyika na Kenya kililipa maana ya mafuta ya magari. Maana ya tatu ilikuja na dola huru. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania liliundwa mwaka 1969, na gesi asilia ikagunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Hapo petroli likawa jina la jumla la mafuta ghafi na gesi asilia, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ikalithibitisha.

Ugunduzi katika kina kirefu cha bahari, kuanzia mwaka 2010, uliongeza pengo kati ya jina na maarifa. Visima vilipewa majina ya Kiswahili: Pweza, Chewa, kisha Zafarani na Lavani. Msomaji wa Lilongwe atatabasamu, kwa kuwa kwake Chewa ni watu, si samaki. Lakini kazi yenyewe ilipewa istilahi zilizotafsiriwa neno kwa neno. Mdhibiti wa Tanzania Bara anaitwa Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli. Mvuvi anajua mkondo kuwa maji yaendayo kasi; hakuna kinachomwambia kwamba "mkondo wa juu" ni utafutaji na uchimbaji. Zanzibar, iliyotunga Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia mwaka 2016, ilichagua njia nyingine: mdhibiti wake ana jina linalotaja wazi utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi asilia. Serikali mbili za muungano mmoja zimeita jambo moja kwa majina mawili, na moja tu ndilo linaloeleweka bila mkalimani.

Kwa nini jambo hili liihusu Malawi, isiyo na bahari? Mwaka 2011 Malawi iliipa kampuni ya Surestream leseni ya kutafuta mafuta katika Ziwa Nyasa, ambalo yenyewe inaliita Ziwa Malawi. Mwaka 2012 Tanzania ilitaka utafutaji usitishwe, na mgogoro wa mpaka unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ukafufuka. Ikiwa utafutaji utaendelea, matangazo ya usalama, fidia na mazingira yatawafikia wasemaji wa Kiswahili katika pande zote za ziwa. Istilahi zetu zilizozoeleka husema "baharini", ziwani hazifai.

Inapendekezwa, kwanza, "majini" litumike badala ya "baharini" panapohusika pia maziwa. Pili, kila waraka wa umma ueleze petroli ni nini mara ya kwanza linapotajwa. Tatu, mfano wa Zanzibar ufuatwe pale tafsiri ya neno kwa neno inapoficha maana. SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo istilahi haiwezi tena kusanifiwa kwa kumsikiliza msemaji wa pwani peke yake. Aliye Dzaleka, mwenye petroli ya taa mkononi, naye ni mwenye lugha.