Mashine Iliyokosa Nyumba: Historia Fupi ya Saa za Kale na Makasha Mapya

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona kwamba sikwenda mbali sana.

Nina mashine ya saa ya Elgin, saizi 0, vito 15, iliyoundwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Niliinunua ikiwa uchi: uso upo, mishale ipo, kasha hakuna. Siku ya kwanza niliingiza kijiti cha pembe nne kwenye tundu lake ili niitie ufunguo. Mishale ikazunguka, kamani haikukaza. Nikajua nimeuziwa chuma chakavu. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa saa hapa Nairobi. Akakisukuma kijiti kile ndani kwa kidole, akazungusha, na saa ikaanza kupiga.

"Kijana, hii si mbovu," akaniambia. "Imekosa nyumba tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma. Kwa nini mtu aunde mashine ambayo haiwezi kujazwa nje ya kasha lake?

Jibu linaanzia jimbo la Massachusetts. Mwaka 1850 Aaron Dennison na Edward Howard walianzisha kiwanda mjini Roxbury, kikahamia Waltham mwaka 1854. Nia yao ilikuwa kuunda vipande vya saa kwa mashine, vifanane kiasi cha kubadilishana. Mwaka 1857 kampuni ilifilisika na kuuzwa, lakini wazo halikufa. Elgin, karibu na Chicago, ilifuata njia hiyo hiyo kuanzia 1864.

Basi ikazuka desturi ambayo sisi waandishi wa programu tunaielewa upesi. Kiwanda kimoja kiliunda mashine, kingine kikaunda makasha, na mteja akaviunganisha dukani. Ulichagua mashine kwa ubora wake, kisha kasha kwa uzito wa mfuko wako: dhahabu, fedha au nikeli. Sonara alivifunga pamoja kwa skrubu mbili. Ndiyo maana namba iliyo kwenye mashine na namba iliyo kwenye kasha hazifanani. Ni namba za kampuni mbili tofauti.

Ili mpango huo ufanye kazi ilibidi pawe na vipimo vya pamoja. Saizi 0 ni inchi 1 na 5/30, yaani milimita 29.6, na kila saizi inayofuata huongeza 1/30 ya inchi. Kwa hiyo saizi 12 ni milimita 39.8, na saizi 16 ni milimita 43.2. Kipimo huchukuliwa kwenye bamba la upande wa uso.

Kijiti cha kutilia ufunguo nacho kilipewa makao ndani ya kasha badala ya mashine. Kinashikwa na bushi ndogo shingoni mwa kasha. Ukibonyeza kifundo, kijiti husukuma mashine ikae tayari kujazwa. Ukikivuta, springi ya ndani huirudisha kwenye hali ya kurekebisha mishale. Pasipo kasha hakuna kinachosukuma, hivyo mashine hubaki kwenye kurekebisha mishale. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inasubiri upande wa pili wa makubaliano.

Lakini anayeshika kiungo hushika pia nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 makampuni makubwa ya saa na makasha yaliungana kumsusia John Dueber, mtengenezaji wa makasha, na wauzaji waliochukua mali yake. Dueber hakubaki mikono mitupu, kwani alikuwa amekwisha nunua kiwanda cha mashine cha Hampden. Mwaka 1888 viwanda vyote viwili vilikuwa Canton, Ohio. Mwaka 1930 mitambo ya Dueber-Hampden ilikuwa imeuzwa kwa Muungano wa Sovieti, na wafanyakazi 21 wa zamani walikwenda Moscow kufundisha wenzao. Huko mashine za saizi 16, zilizobuniwa kwa mfuko, zilitiwa pia katika makasha ya mkononi.

Kwa hiyo kuhamisha mashine ya mfukoni si mchezo wa leo. Mwaka 1939 IWC ya Uswisi iliunda saa ya mkono kubwa kwa ajili ya wafanyabiashara wawili Wareno waliotaka usahihi wa saa za baharini. Ndani waliweka mashine ya mfukoni, nambari 74, na kasha likapita milimita 41. Walichagua aina ya saa ya mfukoni yenye kifuniko cha mbele, kwa sababu kifundo chake kiko kwenye saa 3 na sekunde ziko kwenye 6. Ukichukua mashine ya saa isiyo na kifuniko, kifundo kiko kwenye 12, na mkononi uso utalala ubavu. Anayetaka kujaribu kazi hii aanze hapo.

Sasa, makasha ya zamani yalikwenda wapi? Mengi yaliyeyushwa. Januari 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi. Januari 1980 bei ilipita dola 800. Kila ilipopanda, watu walipeleka saa za babu zao kwa mnunuzi wa dhahabu. Kasha lilikwenda kwenye tanuri, mashine ikatupwa kwenye kopo. Kile ambacho fundi alikisumbukia kwa ustadi wake wote ndicho kilichoonekana takataka.

Hapo ndipo makasha mapya yanapoingia. Langu ni la chuma cha pua, lenye bushi shingoni kama yale ya zamani. Mzee alipoifunga mashine alinionyesha jambo kwa lenzi yake. Ukingoni mwa bamba kulikuwa na mikwaruzo ya skrubu za kasha, na si jozi moja, ni jozi mbili, kila moja mahali pake. Kwa hiyo kasha langu ni la tatu, kama si zaidi.

Wapo wakusanyaji wanaosema saa ya namna hii ni ya uongo. Mimi naona uongo hauko kwenye kasha. Mashine hizi zilizaliwa bila nyumba, na kila mnunuzi alizichagulia. Uongo huanza pale mtu anapouza ndoa ya juzi kama ya miaka 100 iliyopita. Anayenunua analipa pesa halisi, na mjukuu atakayerithi ataamini alichoambiwa.

Kwa sababu hiyo nilimwomba mzee achore ndani ya kifuniko cha nyuma, kwa herufi ndogo: "Kasha jipya" na mwaka. Kama tunavyoandika maelezo tunapobadilisha programu ya mtu mwingine. Akacheka, akasema hajawahi kuombwa hivyo, kisha akachora.

Inapoteza kama dakika moja kwa siku. Naitia ufunguo kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta.

Hadi wakati mwingine, kaeni salama.